Jinsi ya kuandika riwaya ya mtoto aliyeingia shule ya mizungu Mombasa

Anayeanza riwaya ya mtoto katika shule ya mizungu, yaani maarifa ya siri, mara nyingi huanza na jengo. Huchora ngome yenye minara, huwavika watoto majoho mazito, halafu huandika "Mombasa" juu ya mlango. Akifika sura ya tano mswada umeshamfia mkononi, kwa sababu joho halivumiliki Februari ya Mombasa, na hakuna kitu chochote mjini kinachoihitaji shule hiyo. Mwongozo huu unakwenda kwa njia nyingine: neno kwanza, kisha sheria, kisha saa, na shule baadaye. Ukifuata mpangilio huo, jengo litajichora lenyewe.

Msomaji na ukubwa wa kazi

Msomaji ni mtoto wa miaka 9 hadi 12. Watoto wa umri huo hupenda kusoma habari za aliyewazidi kidogo, kwa hivyo mhusika wako mkuu awe na miaka 11 au 12. Ukimpa miaka 8, msomaji wa gredi ya 6 atamwona mdogo na kukiweka kitabu chini. Ukimpa 15, hadithi itataka kuzungumzia mambo ambayo msomaji wa miaka 9 hayuko tayari nayo.

Lenga maneno 30,000, yaani sura 24 za maneno 1,250. Usikopi hesabu za miongozo ya Kiingereza, ambayo hutaja 40,000 au 50,000. Neno kama "hawakunionyesha" hubeba peke yake kazi inayofanywa na maneno matano kule. Hesabu ya sura 24 haikuokotwa tu. Sababu yake iko kwenye maji, na tutaifikia.

Neno kwanza

Hapa ndipo pa kukaa muda mrefu kuliko pengine popote. Ukiita shule yako "shule ya uchawi", umeshaandika kitabu kingine. Katika Kiswahili mchawi ni mtu anayedhuru, hana upande mzuri. Kenya ina Sheria ya Uchawi, Sura ya 67, tangu mwaka 1925. Jirani hapo Kilifi wazee wameuawa kwa kushukiwa tu. Mzazi anayenunua kitabu Mombasa analijua hilo, na mtoto wake pia.

Yapime maneno uliyo nayo moja baada ya jingine. "Sihiri" ni haramu waziwazi kwa Mwislamu, kwa hivyo linafaa kwa adui pekee. "Mazingaombwe" na "kiini macho" ni michezo ya kuhadaa macho: msomaji atasubiri uoneshwe ujanja uliotumika, na usipouonesha atahisi amedanganywa. "Uganga" ni tiba, na utakulazimisha uwe na wagonjwa na dawa. "Miujiza" ni ya Mungu na mitume, usiiguse. "Falaki", elimu ya nyota na nyakati, ni neno zuri sana kwa jina la somo mojawapo, lakini ni jembamba kwa shule nzima.

Sisi tunapendekeza "mizungu". Mzungu, wingi mizungu, ni neno la zamani lenye maana ya maarifa ya siri, hila ya kufanyia jambo, au kitu cha ajabu, na linahusiana na mafunzo ya jando na unyago. Lina ujuzi ndani yake, lina mwalimu na mwanafunzi, na halina damu. Lina kasoro mbili. Mtoto wa leo akilisikia atafikiria Wazungu, na mtu mzima atafikiria ngoma za wari. Zote mbili huondoka ukimwacha mhusika mzee alifafanue mapema, katika sura ya 2, kwa sentensi mbili tu. Usiandike tanbihi, watoto huzipita. Ukichagua neno jingine, lipitishe kwenye maswali haya matatu: Linadhuru? Linagongana na ibada? Lina mwalimu ndani yake?

Jambo moja la kushikilia bila kulegeza: aya za Kurani, maneno ya sala na nyimbo za kanisani zisitumike kama maneno ya mizungu. Vivyo hivyo misitu ya kaya za Wamijikenda, ambayo UNESCO iliitambua kuwa urithi wa dunia mwaka 2008. Ni mahali pa ibada ya watu walio hai. Usiweke zimwi mle wala usiwabunie matambiko. Ukihitaji msitu, bandika wa kwako na uupe jina ambalo halipo kwenye ramani.

Ufunguo na bei

Mizungu isiyo na sheria inachosha kufikia sura ya tatu, kwa sababu mtoto anayesoma hawezi kubashiri lolote. Akishindwa kubashiri hana hofu, na asipokuwa na hofu hana furaha mambo yanapotengenea. Unahitaji ufunguo (mizungu hufanywaje), bei (hugharimu nini) na saa (hufanya kazi lini). Vyote vitatu vipo tayari katika lugha na katika mji. Huu hapa mfano mmoja kamili, uutumie au uutazame tu jinsi ulivyofungwa.

Ufunguo ni kitendawili. Mlango, kisima, pepo, mnyama, kila kitu katika shule hii hutega, na mwanafunzi hutegua. Kila mtoto anaujua mwito: "Kitendawili!" "Tega!" Na kila mtoto anajua linalomkuta anayeshindwa. Aliyetega humwambia, "Nipe mji," naye hutoa mji ndipo apewe jibu.

Bei imekaa hapohapo, katika "nipe mji". Katika shule hii mji unaotolewa hutoka kweli. Majengo hayaanguki na watu hawafi, kwa kuwa bei ya riwaya ya watoto haipaswi kuua mtu. Kinachopotea ni jina. Mwanafunzi akitoa Kongowea, mtaa wenye soko, asubuhi yake makanga wa matatu anafungua kinywa kuita abiria na hana la kuita. Wauza nyanya wanafika sokoni na hawajui wamefika wapi. Barua hazifiki. Mzee aliyezaliwa pale anaanza kutembeatembea akitafuta asichoweza kukitaja.

Sasa ziba mianya, kwa maana mtoto wa miaka 10 ataipata yote. Swali lake la kwanza: kwa nini asitoe Tokyo? Jibu: hutoa tu mahali alipopakanyaga kwa miguu yake. Swali la pili: kwa nini asitoe uchochoro mdogo wa nyuma ya jaa la taka? Jibu: anayetega ana haki ya kukataa mara moja. La tatu: jina hurudi? Hurudi, kitendawili kilekile kikiteguliwa tena kabla bamvua linalofuata, yaani maji makuu ya bahari, halijapita. Bamvua likipita, jina limekwenda. Ziandike kanuni hizi kwenye ukurasa mmoja na usivuke kanuni tano. Kila kanuni ya sita tuliyoiona miswadani iliongezwa ili kumwokoa mwandishi aliyejifungia njia, na msomaji huliona hilo.

Vitendawili tisa vinatosha kitabu kizima. Cha kwanza kiwe cha zamani, kinachojulikana na kila mtu, kwa mfano "Nyumba yangu haina mlango", ili msomaji apige kelele "yai!" kabla ya mhusika na ajione ni mwanafunzi pia. Vilivyobaki vitunge mwenyewe. Kitendawili cha haki ni kile ambacho jibu lake limeshaoneshwa katika sura iliyotangulia bila kuangaziwa. Tuseme unataka jibu liwe maji kujaa, na kitendawili ni "Mgeni wetu huja mara mbili kwa siku na hakuna anayemfungulia mlango." Basi sura moja kabla, mtoto avue viatu ngazini kwa sababu maji yamefika pale ambapo asubuhi palikuwa pakavu. Kitendawili ambacho jibu lake halijapita mbele ya macho ya msomaji ni dhuluma.

Weka daftari la madeni lenye safu nne: kitendawili, mahali palipotolewa, bamvua la mwisho la kulipa, na nani anajua. Bila daftari hilo, kufikia sura ya 15 utakuwa umesahau kwamba mtaa fulani hauna jina, na mhusika atautaja kama kawaida. Hilo ndilo kosa linaloharibu vitabu vya aina hii kuliko yote, na hakuna mhariri atakayelinasa asipokuwa na daftari lenyewe mkononi.

Saa: kalenda ya maji

Mombasa ni kisiwa, na bahari yake ina ratiba. Maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku. Kutoka kujaa hadi kupwa ni saa sita na dakika chache, na kila siku ratiba yote husogea mbele kwa dakika 50 hivi. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu huja bamvua, maji makuu, ambapo tofauti kati ya kujaa na kupwa hupita mita 3. Katikati yake, mwezi ukiwa nusu, huwa maji mafu, na tofauti hushuka hadi mita moja na ushei.

Ambacho waandishi wengi hawakijui, na kila mvuvi wa Mombasa anakijua, ni kwamba bamvua lina saa zake. Siku za bamvua maji hujaa karibu saa kumi, alfajiri na alasiri, na hukauka kabisa saa nne hivi, asubuhi na usiku. Siku za maji mafu mambo hugeuka. Kwa hivyo ukiandika "mwezi mpevu, saa sita za usiku, mawimbi yakapanda ukutani hadi juu", mtoto wa Mji wa Kale atakuambia maji saa hizo yako njiani tu, hayajafika popote.

Chukua hilo liwe saa ya shule. Mizungu hufanya kazi maji ya bamvua yakiwa yamejaa. Ukihesabu kwa dakika 50 kwa siku, kila bamvua linakupa alfajiri nne za kufaa: saa tisa na dakika 10, saa kumi, saa kumi na dakika 50, saa kumi na moja na dakika 40. Siku ya tano maji yanajaa saa kumi na mbili na nusu, jua limetoka na mtoto anatafuta soksi zake za shule. Alfajiri nne, kila baada ya wiki mbili. Hadithi ya miezi mitatu ya mwandamo ina bamvua sita, na mara nne ni alfajiri 24. Kila sura alfajiri moja. Hiyo ndiyo sababu ya sura 24, na ndiyo inayokupa mwendo. Baada ya kila sura ya nne kuna siku kumi za kungoja ambazo madeni huiva, na mtoto ni mtoto wa kawaida tena, mwenye hesabu za sehemu na mdogo wake wa kumwogesha. Siku hizo za kungoja zisimulie ndani ya sura, mtoto akiwa njiani au akikumbuka. Usizipe sura zake.

Mabamvua sita hayafanani. Matatu ni ya mwezi mpevu na matatu ni ya giza. Saa kumi za alfajiri mwezi mpevu unaelekea kutua magharibi, juu ya bara upande wa Changamwe, hauko juu ya bahari. Mtoto anayetoka Mji wa Kale kuelekea maji ana mbalamwezi mgongoni na kivuli chake kinamtangulia. Mwezi mwandamo wenyewe huonekana upande wa magharibi muda mfupi baada ya jua kutua, kisha nao hutua. Usiuweke usiku wa manane. Mambo ya kujificha yapange kwenye mabamvua ya giza, mambo ya kutambuana kwenye mwezi mpevu.

Mwisho wa kalenda, chagua msimu. Januari hadi Machi panafaa: ni muhula wa kwanza, kaskazi inavuma, mvua ni chache, na zamani ndio upepo ulioleta majahazi kutoka Uarabuni na Bara Hindi. Ukipeleka hadithi Aprili na Mei utakuwa ndani ya masika, na kila tukio la nje litahitaji mwavuli. Lakini angalia Ramadhani, ambayo hurudi nyuma kwa siku kama 11 kila mwaka, na mwaka 2026 iliangukia Februari na Machi. Katika Ramadhani nyumba nzima iko macho saa kumi, watu wanakula daku, na mtoto hawezi kuchomoka bila kuulizwa. Ukiipanga kwa kujua, una sura bora kuliko zote kitabuni. Ukiisahau, una kosa ambalo kila familia ya Mwislamu itakuonesha. Adhana ya alfajiri pia, hata nje ya Ramadhani, hutoka karibu saa kumi na moja. Kwa alfajiri tatu za kwanza za kila bamvua, ni kengele ya kutolea watoto darasani ambayo hukuhitaji kuibuni.

Sasa shule

Baada ya saa na bei, shule yenyewe ina masharti: lazima iwe karibu na maji, ionekane alfajiri tu, na iwe ya kutwa. Shule ya bweni huwaondoa wazazi kwa urahisi, ndiyo maana inapendwa, lakini huondoa pia bibi, jirani, madrasa na mahamri ya asubuhi, na hivyo ndivyo vinavyofanya kitabu kiwe cha hapa.

Mahali panapofaa zaidi ni upande wa Bandari ya Kale, chini ya Mji wa Kale, unaotazamana na Nyali. Tembea mwenyewe na saa mkononi kutoka Fort Jesus, ngome ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka 1593, upite Ndia Kuu hadi msikiti wa Mandhry, kisha uteremke bandarini. Andika dakika za kila kipande, harufu, na pahali vichochoro vinapobana. Kisha tembea tena kwa mwendo wa mtoto anayekimbia. Dakika hizo utazihitaji katika sura ya 23, maji yakishuka. Ukikadiria kwa kuangalia ramani ya simu utakosea, maana vichochoro vya pale havinyooki.

Muundo wa shule uchukue kwa mafundi. Pwani imefundisha watoto kwa karne nyingi bila mabweni na minara: mwanagenzi kwa fundi wa milango, mwana kwa nahodha, mwanafunzi kwa maalimu. Vyeo viwe vitatu, kurutu, mwanagenzi na fundi, na kupanda cheo kuwe kwa kazi iliyokamilika, kwa mfano mlango uliochongwa ukakubali kutega. Wanafunzi wasizidi 30, na uwape majina saba tu. Masomo manne yanatosha: falaki, pepo, uchongaji, na kutega. Usiandike ratiba kamili ya masomo ndani ya kitabu, hata kama umeichora vizuri kwenye daftari lako. Msomaji anahitaji darasa moja linaloharibika, si orodha ya madarasa.

Mlango wa kuingilia uelewe sehemu zake kabla ya kuuandika. Mlango wa Kiswahili una mbao mbili zinazofunguka kwa ndani, mfaa uliosimama katikati, kizingiti chini, na nakshi juu na pembeni. Mara nyingi una baraza nje. Mtoto akitegewa kitendawili akiwa amekaa barazani, tayari una tukio.

Watu

Mhusika mkuu ahitaji kitu kimoja kabla mizungu haijaanza, na kitu hicho kisiwe mizungu. Tuseme Zuhura, miaka 11, wa Kibokoni, ambaye babake ni makanga na amehamia Nairobi kutafuta kazi. Anachotaka ni babake arudi. Bei ya shule yetu inauma hapo: akitoa jina la mtaa wao, babake atarudi wapi? Hivyo ndivyo bei na moyo wa mhusika vinavyopaswa kugusana. Ukiona vimekaa mbalimbali, badilisha kimojawapo kabla hujaandika hata sura moja.

Marafiki wawili wanatosha. Mombasa ni ya watu wengi, kwa hivyo Katana wa Likoni anayevuka kwa feri kila siku atakuwa na tatizo lake la kweli la kufika alfajiri, kwa nafasi na kwa nauli ya matatu upande wa pili. Hilo ni bora kuliko kumpa "ucheshi" kama sifa yake.

Adui asiwe kizee mpweke mwenye mvi. Sababu tumeshaitaja: kitabu cha watoto hakifai kufundisha nani wa kushuku. Adui mwenye nguvu hapa ni mtu anayependa mji ubaki bila majina ili aupe upya yake mwenyewe. Watoto wa mji ambao mitaa yake imewahi kubadilishwa majina na watawala wataelewa bila kuhutubiwa. Watu wa historia, kama Mwana Mkisi na Shehe Mvita wanaosimuliwa kuwa waanzilishi wa mji, au mshairi Muyaka bin Haji, wataje kwa heshima kwa mbali. Usiwape sauti wala usiwafanye maadui.

Namna wanavyoitana hubeba zaidi ya maelezo ya sura nzima. Mwalimu wa kiume aitwe Maalimu, wa kike Bi na jina lake. Kaka wa baba ni ami, kaka wa mama ni mjomba. Mtoto hamwiti mtu mzima kwa jina tupu hata akiwa na hasira naye, na akifanya hivyo katika sura ya 18 basi hilo ndilo tukio la sura hiyo.

Msuko, kwa ufupi

Mabamvua sita yanajigawa yenyewe. Katika la kwanza, sura ya 1 hadi ya 4, mtoto anaingia na anategua cha kwanza. Mwisho wa sura ya 4 anashindwa na anatoa jina la kwanza. La pili anajifunza na kudhani amelipa. La tatu linaishia sura ya 12, ambapo anagundua kuna anayenunua majina. La nne mambo yanakwenda vibaya kwa kosa lake mwenyewe, si kwa bahati. La tano, hadi sura ya 20, anapoteza mtaa wake. La sita anarudisha, na kuna jina moja halirudi. Liamue hilo mapema, na liwe mahali ambapo msomaji amepapenda tangu sura ya 3.

Mtu mzima asitegue kitendawili cha mwisho. Asinong'oneze, asiache barua. Ukijikuta unamhitaji, tatizo liko nyuma, mahali ambapo hukumpa mtoto chombo.

Lugha ya kusimulia

Masimulizi yawe ya Kiswahili sanifu, na Kimvita kikae midomoni mwa wazee, kidogo na kwa usahihi: ndoo kwa njoo, mato kwa macho, kitwa kwa kichwa, ndia kwa njia. Jina la Ndia Kuu lenyewe ni Kimvita, na mtoto atafurahi kuligundua. Maneno mawili kwa kila mzungumzo yanatosha. Ukizidisha, msomaji wa Nakuru au Mwanza atakwama. Na ukichanganya "njoo" na "ndoo" katika kinywa cha mzee mmoja, wa Mombasa watakucheka.

Kila kiumbe unachobuni kipe ngeli na wingi kabla ya kukitumia. Kiumbe hai, hata jina likianza na ki-, hufuata a-wa: "kivumo alipita", "vivumo walipita". Ukiandika "kivumo kilipita" umetuambia ni upepo tu. Unaweza kuutumia utata huo makusudi: wahusika waseme "kilipita" kwa sura tano, kisha mmoja aseme "alipita", na nywele za msomaji zisimame.

Adui mkubwa wa sentensi ni "alikuwa" na "ajabu". Angalia:

"Zuhura alikuwa amesimama mbele ya mlango wa ajabu uliokuwa na nguvu za ajabu. Alikuwa na hofu kubwa sana."

Hapo hakuna cha kuona. Sasa:

"Mlango haukuwa na komeo wala tundu la ufunguo. Zuhura aliweka kiganja juu ya mfaa, akakirudisha upesi. Mbao zilikuwa zimelowa. Nyuma yake maji yalikuwa yamebakisha ngazi mbili. 'Kitendawili,' mlango ukasema, polepole, kama mzee anayeitikia salamu. Zuhura akasahau kabisa neno la kujibu. Chubwi. Ngazi moja."

Hofu haikutajwa. Ngazi zimehesabiwa, na msomaji anajua kinachotokea zikiisha. Tanakali kama chubwi, pu na ta ni mali ya Kiswahili. Zitumie, lakini moja kwa ukurasa. Matukio yanayofuatana haraka yapeleke kwa -ka-, na uvunje mfululizo huo kwa -li- unapotaka msomaji asimame. Sentensi ikipita maneno 20 katika tukio la mbio, ikate.

Kuandika, kujaribu, kupeleka

Maneno 500 kwa siku ni siku 60 za rasimu ya kwanza. Usirudi nyuma kurekebisha. Andika pembeni "hapa deni la mtaa wa Kuze" na usonge. Rasimu ikiisha, iache wiki tatu. Kisha isome kwa sauti yote, kwani sentensi iliyotafsiriwa kichwani kutoka Kiingereza husikika mdomoni hata kama jicho liliipita.

Halafu tafuta watoto watano wa miaka 9 hadi 12, angalau wawili wasiokujua. Wape sura nne za kwanza zilizochapwa kwenye karatasi na kalamu, na uwaombe wachore mstari pale walipoinua macho. Usiwaulize kama kimewapendeza, watasema ndiyo kwa adabu. Mistari mitatu mahali pamoja ina maana ukurasa huo umekufa, na kwa kawaida ni ukurasa ambao mwandishi alieleza sheria badala ya kuionesha. Waulize pia swali moja: "Wewe ungetoa mji gani?" Wakijibu haraka na kuanza kubishana, bei yako inafanya kazi. Wakinyamaza, rudi kwenye ukurasa wa kanuni.

Mswada wa kupeleka kwa mchapishaji uwe A4, fonti ya ukubwa wa 12, nafasi mbili kati ya mistari, kurasa zenye namba, pamoja na muhtasari wa ukurasa mmoja unaosema mwisho waziwazi. Wahariri hawapendi kufichwa mwisho. Ukiamua kuchapisha mwenyewe, namba ya ISBN nchini Kenya hutolewa na Huduma ya Maktaba ya Taifa, na kazi unaweza kuisajili kwa Bodi ya Hakimiliki. Ukitaka kiingie darasani kama kitabu cha kiada au cha ziada, lazima kipitie Taasisi ya Ukuzaji Mitaala, ambayo ina masharti yake kuhusu lugha, picha na maudhui. Yasome kabla ya kumlipa mchoraji.

Kuhusu kurasa: maneno 30,000 kwa maneno 250 kila ukurasa ni kurasa 120. Ongeza picha moja ya ukurasa mzima kwa kila bamvua, ramani ya kisiwa, kalenda ya maji ya miezi mitatu na kurasa za mwanzo, utafika kama 140. Wapiga chapa hukunja karatasi kwa mafungu ya kurasa 16, kwa hivyo panga 144, ambayo ni mafungu 9 kamili. Kurasa zitakazobaki wazi mwishoni zichapishe mistari mitupu yenye kichwa "Vitendawili vyangu". Kalenda ya maji ipange mbele pamoja na ramani, mahali mtoto atakapoweza kuirudia kila sura inapoanza.